Funza wa Matunda na Baridi ya Kiwira

Mtu atokaye Mbeya kwenda Tukuyu hupita Kiwira, mahali penye migomba mingi, mashamba ya viazi na kahawa, na miti ya maparachichi kuzunguka nyumba za watu. Mlima Rungwe uko karibu, na ukungu hushuka kutoka mlimani hata kuzifunika njia. Katika miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na asubuhi watu huota moto kabla ya kwenda shambani. Wakati huo hata tunda lililoanguka chini ya mti hukawia kuoza.

Basi mtu aweza kudhani ya kuwa baridi imewaua wadudu wote waharibuo matunda. Lakini joto lirudipo, akipasua pera au fyulisi, amkuta funza ndani yake kama mwaka uliopita. Funza huyu ametoka wapi? Je, baridi haikumdhuru? Na kwa nini baridi ya namna moja humwua funza huyu, na mwenziwe akapona?

Jibu la maswali haya lina mambo mengi, lakini moja tutaliangalia zaidi katika somo hili: tunda alilolila funza. Tunda ni chakula chake, tena ni nyumba yake. Na katika mambo hayo mawili humpa nguvu ya kuvumilia baridi, au humnyima. Jambo hili si la kujifunza kwa ajili ya mtihani tu, maana fedha za wakulima wengi wa Rungwe zategemea parachichi, na parachichi lenye funza halina mnunuzi.

1. Maisha ya nzi wa matunda

Nzi wa matunda si yule nzi wa nyumbani atuaye juu ya chakula chetu. Jike lake lina kitu chembamba kama sindano mwisho wa tumbo. Kwa sindano hiyo hutoboa ganda la tunda linaloanza kuiva, akataga mayai yake chini ya ganda. Ukiangalia vizuri waweza kuona kidonda kidogo mahali alipotoboa.

Mahali penye joto mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na funza weupe wasio na miguu huanza kula nyama ya tunda. Funza hujivua ngozi mara mbili, kwa hiyo utoto wake una vipindi vitatu. Akiisha shiba hutoka ndani ya tunda, hujikunja kama upinde, huruka, kisha hujichimbia udongoni kina cha vidole vichache. Humo ngozi yake hukauka ikawa ngumu, naye huonekana kama punje ya ngano. Ndani ya punje hiyo mwili wake hugeuka, na mwisho nzi mzima hutoka akaruka.

Penye joto la nyuzi 28, safari hii yote, tangu yai hata nzi, huchukua kama siku 25. Kadiri baridi inavyozidi ndivyo siku zinavyoongezeka. Baridi ikifika kama nyuzi 10, kukua kwake karibu husimama. Lakini kusimama si kufa. Funza wa Kiwira aliyekutwa na baridi ya Julai ndani ya tunda hutulia, hula kidogo, na kungoja.

2. Nzi wa bondeni na nzi wa milimani

Nzi hawa wako wa aina nyingi, na tutataja watatu tu. Wa kwanza ni nzi wa Asia, ambaye wataalamu humwita Bactrocera dorsalis. Mwaka 2003 alionekana Kenya, na mwaka huo huo akaonekana Tanzania, na baada ya miaka michache alikuwa ameenea katika nchi nyingi za Afrika. Wa pili ni Ceratitis capitata, aitwaye nzi wa Mediterania. Lakini jina lisikudanganye, maana asili yake ni Afrika kwetu, na hupenda sana kahawa iliyoiva. Wa tatu ni Ceratitis quilicii. Zamani alihesabiwa kuwa ni mmoja na ndugu yake Ceratitis rosa. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa Ubelgiji na wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walimpa jina lake mwenyewe. Huyu ndiye apendaye zaidi nchi za baridi.

Wataalamu wa Morogoro walitundika mitego toka uwandani hata juu katika milima ya Uluguru. Wakaona ya kuwa chini, penye joto, nzi wa Asia walijaa mitegoni. Na kadiri walivyopanda walipungua, na wale wa jamii ya Ceratitis rosa wakaongezeka. Sababu kubwa ni baridi, kwa maana ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6.

Sisi wa Rungwe tunayo ngazi kama ile ya Uluguru. Kyela iko karibu na ziwa Nyasa, mahali palipoinuka mita kama 500 tu juu ya bahari, na huko huota miembe na kakao. Toka Kyela barabara hupanda hata Tukuyu, ikafika Kiwira, na mlima Rungwe wenyewe wapita mita 2,900. Mwanafunzi apandaye njia hiyo akiwa ndani ya gari huona miti ikibadilika dirishani. Ajue ya kuwa wadudu nao hubadilika.

3. Jinsi baridi inavyoua

Sisi watu tuna joto letu wenyewe mwilini. Mdudu hana. Hewa ikiwa baridi, mwili wake nao huwa baridi, na hawezi kuota moto wala kujifunika blanketi.

Baridi humdhuru kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuganda. Mwili wa funza umejengwa kwa seli, yaani vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na ndani yake mna maji. Maji yakiganda huwa barafu yenye ncha kali kama sindano, nazo hupasua vyumba hivyo. Baridi ya namna hii haipo Kiwira. Lakini katika uwanda wa juu wa Kitulo, usiku wa Juni na Julai, umande huganda ukawa mweupe kama chumvi juu ya majani.

Njia ya pili haina barafu. Chumvi zilizomo mwilini mwa mdudu zina mahali pake: nyingine ndani ya seli, nyingine nje. Mwili hufanya kazi daima kuzitenga. Baridi ikizidi, hata kama maji hayajaganda, kazi hiyo hulegea, na chumvi huchanganyika. Ndipo mishipa na misuli hushindwa, mdudu akalala kama amezimia. Baridi ikiondoka mapema huamka. Ikidumu siku nyingi hufa. Kwa hiyo si ukali wa baridi tu unaoua, bali pia urefu wa siku zake. Neno hili ulikumbuke, maana tutarudi kwake.

4. Chakula ni akiba

Sasa tuangalie nchi za Ulaya, ambako baridi hudumu miezi mingi na theluji hufunika nchi. Huko yuko nondo mmoja ambaye funza wake hula matofaa. Tofaa likiisha iva, funza huyu hutoka, hujificha chini ya gamba la mti, hujifumia nyumba ya nyuzi kama hariri, na hulala humo mpaka baridi ipite. Hali kitu chochote miezi hiyo yote. Lakini maji ya mwili wake hayagandi upesi, hata baridi ishukapo nyuzi nyingi chini ya sifuri.

Awezaje? Kabla ya baridi, mwili wake hukusanya vitu viyeyukavyo katika maji, mmoja wapo ni sukari iitwayo trehalosi, ambayo hulinda seli zisiharibike. Tena hukusanya mafuta, kuwa chakula cha siku za kulala. Lakini vitu hivyo vyatoka wapi? Vyatoka katika tunda alilolila tu, kwa sababu hana shamba jingine. Mkulima aliyevuna kidogo hufika mwezi wa njaa na ghala tupu. Na funza aliyelishwa vibaya hufika wakati wa baridi na mwili mtupu. Tunda lililo duni humpa mafuta kidogo na kimo kidogo, na mwenye akiba ndogo huchoka upesi.

Jambo hili limejaribiwa na wataalamu kwa mdudu mwingine tunayemjua sote: kile kinzi kidogo chenye macho mekundu kirukacho juu ya ndizi zilizoiva sana. Kwa kawaida funza wake ni dhaifu mbele ya baridi, na akiganda hufa. Mwaka 2012 Vladimír Koštál na wenzake, wa nchi ya Cheki, walitangaza jambo la ajabu. Waliwazoeza funza hao baridi kidogo kidogo, tena wakawapa chakula kilichoongezwa prolini. Prolini ni kimoja cha vitu vidogo vinavyojenga protini, nayo imo katika vyakula vingi. Kisha wakawagandisha hata takriban nusu ya maji ya miili yao ikawa barafu. Baadhi ya funza waliyeyuka wakiwa hai, wakakua, wakawa nzi kamili. Ukoo wao ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mazoezi na chakula.

Lakini mtu asiseme, ‘Basi chakula kitamu zaidi ndicho kinga bora zaidi.’ Katika Ufaransa wataalamu waliwapa vinzi wa aina hiyo hiyo chakula chenye sukari nyingi kupita kiasi, na uvumilivu wao wa baridi ukapungua badala ya kuongezeka. Hivyo twaona ya kuwa si wingi wa kitu kimoja utiao nguvu, bali kipimo na namna ya chakula. Na matunda hayafanani: pera, fyulisi, chungwa, parachichi na kahawa, kila moja lina sukari yake, mafuta yake, maji yake na uchachu wake. Funza aliyekulia katika moja si sawa na yule aliyekulia katika jingine, ijapokuwa mama yao ni mmoja.

5. Tunda ni nyumba

Tumesema kwamba tunda ni nyumba pia. Ukitaka kuona jambo hili, chukua sufuria kubwa ya maji ya moto na kikombe kidogo cha maji ya moto, uviweke nje pamoja jioni. Kikombe kitapoa kwanza. Vivyo hivyo tunda kubwa lenye nyama nene hupoa polepole usiku, na funza aliye katikati yake haipati baridi yote iliyo nje. Tunda dogo, kama la kahawa, hupoa upesi.

Tena, tunda lililoanguka mahali penye majani mengi hufunikwa na majani hayo kama kwa blanketi. Na tunda lililo wazi mchana hupata jua. Udongo nao hulinda: funza aliyeisha kuwa punje ardhini haoni baridi kali kama ile iliyo juu ya nyasi.

Liko jambo la tatu. Nzi hawa hawana usingizi mrefu wa majira ya baridi kama yule funza wa matofaa. Wao hawawezi kulala miezi mingi wakingoja. Lazima wapate tunda baada ya tunda. Mahali ambapo mafyulisi yakiisha pana mapera, na mapera yakiisha pana kahawa iliyosahauliwa mtini, nzi hupata daraja la kuvukia toka msimu hata msimu. Daraja likivunjwa, wengi hawavuki.

6. Machungwa siku 20, malimau siku 18

Watu wamejifunza kuigeuza baridi kuwa silaha. Matunda yapelekwayo nchi za mbali hutiwa katika chumba cha baridi, au katika kontena lenye mashine ya baridi, nayo huwekwa humo siku nyingi mfululizo ili funza aliyejificha ndani afe. Hapo ndipo lile neno la siku linaporudi.

Mwaka 2017 nchi zilizomo katika Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, ambao ofisi yake iko Roma, zilikubali kanuni za kumwua funza wa nzi wa Mediterania kwa baridi. Kwa baridi ya nyuzi 3 au chini yake, machungwa hukaa siku 20 bila kukatiza. Malimau hukaa siku 18. Funza ni wa aina moja, na baridi ni moja, ila tunda ndilo mbalimbali. Kama mtu angetumia siku za malimau kwa machungwa, angeweza kupeleka funza hai ng’ambo ya bahari.

Kwa parachichi la namna ya Hass, lile lipendwalo na wanunuzi wa ng’ambo, wataalamu walifanya majaribio yao Kenya kwa nzi wa Asia, na mwaka 2012 walitangaza kipimo chao: nyuzi 1.5, siku 18. Walijaribu kwa kipindi cha tatu cha funza, maana waliona ndicho kivumilivu kuliko vingine. Tangu hapo twajua kanuni ya kazi hii: kila tunda lipimwe peke yake.

7. Parachichi la Rungwe

Hapa pana taabu, nayo ndiyo inayotuhusu sisi. Parachichi lenyewe haliipendi baridi kali. Kwa kawaida husafirishwa katika baridi ya nyuzi 5 hivi. Likishushwa chini zaidi kwa siku nyingi laweza kugeuka rangi na kuharibika ndani. Baridi impendezayo parachichi haimwui funza upesi, na baridi imwuayo funza yaweza kulidhuru parachichi. Hivyo mkulima hawezi kusema, ‘Nitapeleka tu, mashine ya baridi itanisafishia.’

Ni kweli kwamba Hass likiwa bado gumu mtini si chakula apendacho sana nzi wa Asia; yeye hupenda zaidi embe na pera. Lakini mnunuzi akikuta funza mmoja hana haja ya maelezo. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilizuia maparachichi ya Kenya kwa sababu ya nzi huyo, na wakulima wasio na kosa wakapata hasara pamoja na wenye kosa. Mwezi wa Novemba mwaka 2022 Tanzania na China zilitia sahihi mapatano ya kuuza maparachichi yetu huko. Mlango uliofunguliwa kwa taabu waweza kufungwa kwa ajili ya funza mmoja.

Basi kazi ya kumshinda funza yaanza shambani, tena yaanza wakati wa baridi, anapokuwa mnyonge na wachache. Mambo ya kufanya ni haya:

Kwanza, okota matunda yote yaliyoanguka, angalau mara mbili kwa juma, pamoja na yale yaliyooza mtini. Usiyaache hata kama ni ya mpera wa porini ulio mpakani mwa shamba, kwa maana hilo ndilo daraja la nzi.

Pili, yafukie katika shimo refu, udongo uwe juu yake kwa nusu mita au zaidi, ili nzi wasiweze kupanda. Kuyafukia kidogo tu ni kuwapa funza kitanda. Mahali penye jua kali waweza kuyafunga katika mfuko mweusi wa plastiki na kuyaacha juani mpaka funza wafe kwa joto. Lakini siku za ukungu wa Kiwira jua halitoshi, na shimo ni bora. Waweza pia kuyapika ukawapa nguruwe.

Tatu, vuna kahawa yote, usiache matunda mabivu matawini baada ya mavuno.

Nne, vuna maparachichi ya kuuza yangali magumu, wala usichanganye lililoanguka na lililochumwa. Lililoanguka halina cheti cha kuaminiwa, hata likiwa zuri kwa macho.

Kazi hii haimfai mtu mmoja akiifanya peke yake. Nzi hana mpaka wa shamba. Jirani akiacha mapera yake yaoze chini, funza wake watakuwa nzi wako. Wahenga walisema, ‘Kidole kimoja hakivunji chawa.’ Kijiji kizima kikiokota matunda katika Juni na Julai, baridi nayo itakisaidia, maana funza atakosa nyumba na chakula wakati ule ule anapovihitaji zaidi.

Maswali

1. Eleza maisha ya nzi wa matunda tangu yai hata nzi mzima.
2. Baridi humdhuru mdudu kwa njia mbili. Ni zipi?
3. Funza wa matofaa hali kitu wakati wa baridi. Nguvu yake yatoka wapi?
4. Kwa nini machungwa hukaa katika baridi siku nyingi kuliko malimau?
5. Hesabu miti yote ya matunda iliyo karibu na shule yenu. Andika mwezi ambao kila mmoja huiva. Je, nzi ana daraja mwaka mzima?